Ukali au kipaji? Mbio za pikipiki za MotoGP na namna ya kuwapima waendeshaji wake

Tarehe 5 Oktoba 2025, kwenye uwanja wa Mandalika nchini Indonesia, mzunguko wa kwanza ulikuwa haujamalizika wakati Marco Bezzecchi alipomgonga Marc Márquez kutoka nyuma. Wote wawili waliruka kwenye changarawe kwa mwendo mkali. Márquez, raia wa Uhispania, alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wiki moja tu kabla ya siku hiyo, huko Motegi nchini Japani. Aliumia bega la kulia, akapelekwa kwenye upasuaji, na hakushindana tena hadi mwisho wa msimu.

Bezzecchi, ambaye ni Muitaliano, aliomba msamaha. Waamuzi hawakutosheka na msamaha huo: walimpa adhabu ya kupita njia ndefu mara mbili katika mbio zilizofuata, yaani kuzunguka pembeni mwa kona iliyowekwa kwa ajili ya adhabu na kupoteza sekunde kadhaa kila mara.

Yaliyofuata yaliwashangaza wengi. Huko Phillip Island nchini Australia, Bezzecchi alishinda mbio fupi za Jumamosi. Siku ya Jumapili alitumikia adhabu yake yote, na bado akamaliza katika nafasi ya tatu. Kisha akashinda mbio mbili za mwisho, Ureno na Valencia, akafunga msimu akiwa wa tatu duniani. Katika muda wa wiki sita, mtu yule yule aliitwa mzembe anayehatarisha maisha ya wenzake, kisha akahesabiwa miongoni mwa waendeshaji bora kabisa wa wakati huu.

Ni nani aliyekosea, wale waliomlaumu au wale waliomsifu? Swali hilo si geni katika mchezo huu. Kwa miaka mingi ukali na kipaji vimepimwa kwa jicho moja, na jicho hilo mara nyingi hutazama matokeo kwanza.

Kona moja, miaka tofauti

Mfano mzuri uko Jerez, kusini mwa Uhispania, kwenye kona ya mwisho kabla ya mstari wa kumalizia. Kunako mwaka 2005, Valentino Rossi wa Italia aliingia ndani ya kona hiyo katika mzunguko wa mwisho, akagusana na Sete Gibernau, na Gibernau akaishia kwenye changarawe. Rossi alishinda. Wenyeji walimzomea, lakini picha za tukio hilo zimekuwa zikirudiwa tangu wakati huo kama ushahidi wa ushujaa wake.

Miaka 8 baadaye, mwaka 2013, kwenye kona hiyo hiyo na katika mzunguko wa mwisho, kijana Marc Márquez alimgonga Jorge Lorenzo na kumnyang'anya nafasi ya pili. Kona hiyo ilikuwa imepewa jina la Lorenzo wikendi hiyo hiyo. Lorenzo alikataa kumpa mkono na kumwonyesha kidole cha onyo. Wapo waliosema kwamba Márquez alifanya alichofanya Rossi. Wengine walisema kijana huyo ataua mtu.

Msemo wa wahenga kwamba mwamba ngoma huvutia kwake unafaa hapa. Shabiki wa Rossi aliona akili mwaka 2005 na uhuni mwaka 2013. Shabiki wa Márquez aliona kinyume chake. Wote wawili walikuwa wakitazama matukio yanayofanana sana.

Kuna pia Laguna Seca, Marekani, mwaka 2008. Rossi alimpita Casey Stoner wa Australia kwenye kona maarufu ya Corkscrew, pikipiki yake ikatoka nje ya barabara na kupita kwenye vumbi kabla ya kurudi mbele ya mwenzake. Stoner alilalamika baada ya mbio. Hata hivyo, tukio hilo linahesabiwa na wengi kuwa moja ya matukio makubwa ya kupitana katika historia ya mchezo. Kwa kanuni za leo, anayetoka nje ya mipaka na kupata faida anaweza kuamriwa kurudisha nafasi aliyoichukua.

Neno la Stoner

Tarehe 3 Aprili 2011, mvua ilinyesha Jerez. Rossi, akiwa sasa na pikipiki ya Ducati, alijaribu kumpita Stoner kwa ndani, akateleza, na kumwangusha. Rossi aliinua pikipiki yake na kumaliza wa tano. Stoner alitoka bila pointi hata moja. Baada ya mbio Rossi alikwenda kumwomba radhi akiwa bado na kofia yake kichwani. Stoner alimjibu kwa tabasamu la baridi kwamba, bila shaka, tamaa yake ilikuwa imezidi kipaji chake.

Maneno hayo yalimlenga mtu aliyekuwa tayari bingwa wa dunia mara 9, mara 7 kati ya hizo zikiwa katika daraja la juu. Ndiyo maana yalisambaa sana. Ila ndani yake kuna kipimo kinachostahili kuchukuliwa kwa uzito: kosa la namna ile hutokea pale mwendeshaji anapotaka kitu ambacho uwezo wake, au pikipiki yake, hauwezi kumpa kwa wakati huo.

Na suala la pikipiki si dogo. Stoner alishinda mbio 23 akiwa na Ducati kati ya mwaka 2007 na 2010, pamoja na ubingwa wa 2007. Rossi alikaa na kiwanda hicho misimu miwili, 2011 na 2012, bila kushinda hata mara moja. Hakuna anayeweza kusema kwamba Rossi hana kipaji. Kinachoonekana ni kwamba Stoner alikuwa na ujuzi wa pekee wa kuiendesha pikipiki ambayo wengine waliishindwa. Mwaka 2006, msimu wake wa kwanza katika daraja la juu, Stoner huyo huyo alikuwa akichekwa kwa sababu ya kuanguka mara kwa mara.

Pikipiki aina moja, watu wawili

Kwa hiyo, mtu anayetaka kupima kipaji anaanzia wapi? Njia ya kwanza ni kuwalinganisha waendeshaji wa timu moja wanaopewa pikipiki zinazofanana. Mwaka 2019, timu ya kiwanda ya Honda ilikuwa na Marc Márquez na Jorge Lorenzo. Márquez alipata pointi 420 na kushinda mbio 12. Lorenzo, bingwa mara 3 wa daraja la juu, alipata pointi 28. Ni kweli kwamba Lorenzo alivunjika mifupa ya uti wa mgongo huko Assen, Uholanzi, na kukosa mbio kadhaa. Lakini hata alipokuwa mzima, Honda ile haikumkubali.

Njia ya pili ni kumtazama mtu akibadilisha pikipiki. Lorenzo alichukua mataji yake yote matatu ya daraja la juu akiwa na Yamaha, kisha akashinda mbio 3 na Ducati mwaka 2018. Márquez naye aliondoka Honda mwishoni mwa 2023, baada ya kuvunjika mkono mwaka 2020 na kufanyiwa upasuaji mara nne. Alikubali kupanda Ducati ya mwaka uliotangulia katika timu ndogo ya Gresini. Alishinda Aragon mwaka 2024, akahamia timu ya kiwanda, na mwaka 2025 akashinda mbio 11 za Jumapili na ubingwa.

Njia ya tatu ni mvua. Barabara inapolowa, nguvu za injini hupungua umuhimu, na mkono wa mwendeshaji huonekana zaidi.

Katika njia zote hizo tatu, hakuna mahali ambapo kumgonga mwenzako huongeza alama. Hapo ndipo ukali na kipaji vinapoanza kutenganishwa.

Breki ya mtu mwingine

Pikipiki za MotoGP zina uzito wa chini wa kilo 157, na zimewahi kuvuka kilomita 366 kwa saa. Kupitana hufanyika zaidi wakati wa kufunga breki. Anayetaka kupita huchelewa kufunga, huingia upande wa ndani, na hujaribu kusimamisha mwendo kabla ya kufika ukingo wa nje wa kona.

Swali la msingi ni hili: kama mwenzake asingekuwepo, je, angebaki ndani ya barabara? Akiweza, basi alikuwa na uwezo wa kufanya alichokifanya, hata kama waligusana kidogo. Asipoweza, maana yake alimtumia mwenzake kama ukuta wa kumsimamisha. Breki yake ilikuwa mwili wa mtu mwingine.

Kipimo hicho hakitatui kila kesi. Lakini kina faida moja: hakiulizi nani alishinda, wala jina la nani liko kwenye bendera za jukwaani.

Simoncelli, mwaka mmoja wa lawama

Hakuna kisa kinachoonyesha uzito wa jambo hili kama kile cha Marco Simoncelli. Muitaliano huyo mwenye nywele nyingi alikuwa bingwa wa dunia wa daraja la 250cc mwaka 2008. Mwaka 2011, akiwa na Honda ya timu ya Gresini, alikuwa na kasi ya kutisha, lakini pia alianguka mara nyingi. Huko Jerez, siku ile ya mvua, alianguka akiwa anaongoza.

Kabla ya mbio za Ureno mwaka huo, Lorenzo alimlaumu mbele ya waandishi wa habari, akisema uendeshaji wake ni hatari kwa wenzake. Simoncelli alijibu kwa mzaha kwamba basi atakamatwa na polisi. Ukumbi ulicheka. Lorenzo hakucheka.

Wiki mbili baadaye, huko Le Mans nchini Ufaransa, Simoncelli na Dani Pedrosa waligusana. Pedrosa alianguka na kuvunjika mfupa wa mtulinga, karibu na bega, akakosa mbio tatu. Simoncelli aliadhibiwa. Mwezi uliofuata, huko Assen, aliteleza katika mzunguko wa kwanza na kumwangusha Lorenzo mwenyewe.

Kisha mambo yakaanza kubadilika. Mwezi wa nane, huko Brno, alipanda jukwaa la washindi kwa mara ya kwanza katika daraja la juu, akiwa wa tatu. Tarehe 16 Oktoba huko Australia alimaliza wa pili. Alikuwa bado na kasi ile ile, ila sasa alikuwa anafika mwisho wa mbio.

Wiki moja baadaye, tarehe 23 Oktoba 2011, huko Sepang nchini Malaysia, Simoncelli alipoteza usawa kwenye kona katika mzunguko wa pili. Pikipiki haikuteleza kwenda nje kama kawaida. Ilirudi ndani ya barabara, mbele ya waliokuwa nyuma yake. Aligongwa na Colin Edwards na Valentino Rossi, ambao hawakuwa na nafasi ya kumkwepa. Alifariki akiwa na umri wa miaka 24.

Ajali hiyo haikutokana na kumsukuma mtu. Haikuwa adhabu ya ukali wake, na kuisema hivyo ni kumkosea heshima. Lakini ilikumbusha kila mtu kile ambacho Lorenzo alitaka kusema: katika mchezo huu, anayeanguka mbele ya wenzake anaweza kufa, hata bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Anayemwangusha mwenzake anamweka mahali hapo hapo. Leo uwanja wa Misano una jina la Simoncelli, na namba yake 58 haivaliwi tena katika daraja la juu.

Aliyelaumu alikuwa ameadhibiwa

Jambo ambalo wengi walisahau mwaka 2011 ni kwamba Lorenzo mwenyewe aliwahi kuwa upande wa pili. Mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 18 katika daraja la 250cc, alimwangusha Alex de Angelis huko Motegi, na akafungiwa mbio moja. Lorenzo ameitaja adhabu hiyo kama somo lililombadilisha. Miaka michache baadaye akawa mmoja wa waendeshaji laini na wasafi kuliko wote, na bingwa mara tatu.

Hapo pana jibu ambalo mjadala wa kila wikendi hulikosa. Ukali wa kijana hauonyeshi kama ana kipaji au hana. Kinachoonyesha ni kile kinachobaki baada ya ukali huo kukatazwa. Lorenzo alibaki na kasi. Simoncelli alikuwa ameanza kubaki nayo. Bezzecchi, akiwa na adhabu mbili za njia ndefu, alipanda jukwaa. Mtu ambaye kasi yake hupotea mara tu anapokatazwa kuwasukuma wengine, kasi hiyo haikuwa yake.

Waamuzi nao wanapimwa

Lakini somo hilo linahitaji waamuzi wanaoeleweka, na hapo mchezo umeyumba mara nyingi.

Mwaka 2013 ulianzishwa mfumo wa pointi za adhabu. Mwaka huo huo, huko Aragon, Márquez aliigusa pikipiki ya Pedrosa na kukata waya wa kifaa kinachopima mzunguko wa gurudumu la nyuma. Kompyuta inayozuia gurudumu kuteleza ikazima, na Pedrosa akarushwa hewani. Márquez alipewa pointi 1 ya adhabu, na Honda ikanyang'anywa pointi 25 za viwanda. Mwisho wa msimu, Márquez alikuwa bingwa akiwa na miaka 20, mdogo kuliko bingwa yeyote wa daraja la juu kabla yake.

Mwaka 2015 huko Sepang, Rossi alimsukuma Márquez hadi pembeni, wakagusana, Márquez akaanguka. Rossi alipata pointi 3 za adhabu. Pamoja na 1 aliyokuwa nayo, alilazimika kuanza wa mwisho huko Valencia. Alipanda hadi nafasi ya nne, lakini Lorenzo akachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi 5. Miaka imepita, na mashabiki bado wanabishana.

Mwaka 2018 huko Argentina, Márquez aligongana na Aleix Espargaró, kisha akamwangusha Rossi. Aliongezewa sekunde 30 na kushuka hadi nafasi ya 18. Na mwaka 2023 huko Ureno, alimgonga Miguel Oliveira mbele ya mashabiki wa nyumbani kwao. Alipewa adhabu ya kutumikia katika mbio za Argentina, lakini naye alikuwa ameumia na hakushiriki. Waamuzi walipotaka kuihamishia adhabu hiyo kwenye mbio nyingine, timu yake ilikata rufaa, na adhabu ikafutwa. Oliveira alibaki na maumivu, na aliyemgonga hakutumikia lolote.

Mwenyekiti wa jopo la waamuzi wakati huo alikuwa Freddie Spencer wa Marekani, aliyeshika kazi hiyo kuanzia 2019 hadi 2024. Spencer ndiye aliyekuwa bingwa mdogo kuliko wote hadi Márquez alipomvua rekodi hiyo. Na ubingwa wake wa kwanza, mwaka 1983, ulipita Anderstorp nchini Sweden, ambako katika mzunguko wa mwisho aliingia ndani ya Kenny Roberts na wote wawili wakatoka nje ya barabara. Spencer alirudi wa kwanza na kushinda. Mwisho wa msimu alimzidi Roberts kwa pointi 2 tu.

Historia hiyo haimaanishi kwamba Spencer hakustahili kuwa mwamuzi. Inaonyesha kwamba hakuna kizazi kilichokuwa kisafi. Kila bingwa ana kona moja ambayo hapendi kuulizwa. Tangu 2025 kiti hicho kinakaliwa na Simon Crafar wa New Zealand, naye atapimwa kwa jambo lile lile: je, kosa moja litapata hukumu moja, awe bingwa au mgeni?

Deni la wadogo

Jambo hili lina uzito zaidi katika madaraja ya chini. Katika Moto3, pikipiki zinafanana kwa nguvu, na waendeshaji zaidi ya kumi huweza kufika kwenye kona moja kwa wakati mmoja. Tarehe 30 Mei 2021, Jason Dupasquier wa Uswisi, mwenye umri wa miaka 19, alifariki baada ya kuanguka na kugongwa wakati wa majaribio ya kupanga nafasi huko Mugello, Italia. Mwaka huo huo Deniz Öncü wa Uturuki alifungiwa mbio mbili kwa kuhama mstari mbele ya mwenzake huko Austin na kusababisha ajali kubwa.

Katika msimu huo pia, Pedro Acosta, akiwa na miaka 16, alianza kutoka kwenye njia ya mafundi huko Qatar, nyuma ya wote, akawapita mmoja mmoja na kushinda. Vijana wanaotazama hujifunza kutoka kwa wote wawili. Watakachokiiga kinategemea kile ambacho wakubwa wanakisifu.

Mashine nazo zinachangia. Mabawa yaliyowekwa kwenye pikipiki za MotoGP huvuruga hewa kwa anayefuata, na tairi lake la mbele hupata joto na kupanda shinikizo. Kupita kunakuwa kugumu, na wengi huamua kujaribu mapema, katika kona za kwanza, ambako watu wamebanana. Kuanzia 2027, kanuni mpya zitapunguza injini hadi 850cc, zitabana mabawa na kupiga marufuku vifaa vya kushusha pikipiki. Zikifanya kazi kama inavyotarajiwa, mwenye kipaji atapata nafasi ya kupita bila kulazimika kumsukuma mtu.

Lakini kanuni za injini hazitaondoa tamaa ya mtu anayeona pengo mbele yake kwa mwendo wa kilomita 300. Hiyo itabaki kazi ya waamuzi, ya timu, na ya wanaotazama. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika mchezo huu, mara nyingi janga huchumwa na mmoja na kuliwa na mwingine, aliyekuwa amekwisha kugeuza pikipiki yake kuingia kwenye kona bila kumwona anayekuja nyuma.